Pesa Imekatwa, Mashine Imenyamaza: Jinsi ATM ya Maziwa na Mafuta Inavyofanya Kazi

Kama unaishi Busia au Malaba, huenda ushakutana nayo. Sanduku la chuma linalong'aa, lina skrini ndogo, vitufe vya namba na mdomo wa bomba, limesimama pembeni mwa duka. Unasema "ya ishirini", unalipa kwa simu, unakinga chupa, maziwa yanatoka. Siku nyingi hadithi huishia hapo.

Siku ambayo haikuishia hapo nilikuwa Malaba, asubuhi, foleni ya malori ikiwa imeshaanza kunguruma barabarani. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, mtoto mgongoni, mkononi chupa ya lita moja na nusu. Alilipa shilingi 90. Simu yake ikalia, meseji ya malipo ikaingia. Mashine kimya.

"Mama, mashine bado haijaona pesa yako," kijana wa duka akamwambia.

"Haijaona? Na hii meseji niliyopata ni ya nani?"

Nyuma watu wakaanza kutoa ushauri. Mmoja akasema, "Lipa tena tu, ile ya kwanza itarudi." Mwingine akasema kijana anataka kula 90 ya mtu. Mimi nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo, na nilijua kijana alikuwa anasema ukweli mtupu: mashine kweli ilikuwa haijaona. Lakini sikuwa na maneno ya haraka ya kumweleza mama kwa nini. Makala hii ndiyo maelezo ambayo ningempa kama tungekuwa na muda na viti.

Mashine haisomi meseji yako

Anza na jambo hili, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapa. Meseji inayoingia kwenye simu yako ni taarifa kwako wewe. Mashine ina njia yake nyingine ya kuambiwa kwamba pesa imeingia, na njia hizo mbili hazifiki kwa wakati mmoja. Inawezekana kabisa wewe ujue umelipa, na mashine isijue.

Hili si jambo jipya. Mashine ya kwanza ya aina hii tunayoijua ilielezwa na Hero wa Alexandria, kule Misri, karibu miaka 2,000 iliyopita. Ilikuwa inauza maji matakatifu hekaluni. Mtu alidondosha sarafu, sarafu ikaangukia kisahani kilichokuwa kwenye ncha moja ya kijiti mfano wa mizani. Uzito wa sarafu ukainamisha kisahani, ncha ya pili ikainuka na kufungua mdomo wa maji. Kisahani kikizidi kuinama, sarafu huteleza na kuanguka, kijiti hurudi mahali pake, maji hukatika. Hapakuwa na betri wala umeme. Lakini kazi zote tatu zilikuwemo: kuhakikisha malipo, kufungua, na kufunga baada ya kipimo. Kuanzia hapo wahandisi wamebadilisha vifaa tu.

Katika mashine ya Hero, kuhakikisha malipo kulikuwa ni uzito wa sarafu. Mashine za sarafu za kisasa hupima pia upana wa sarafu na aina ya madini yake. Sasa hebu fikiria mashine ya sarafu ikiwekwa hapa Busia. Ingebidi itambue sarafu za Kenya za zamani, na zile mpya zilizotolewa Desemba 2018, na shilingi za Uganda ambazo watu huzibeba mfuko mmoja na za huku. Mwenye mashine angemaliza siku akichokonoa sarafu zilizokwama. Ndiyo maana ATM nyingi za huku kwetu hazina hata tundu la sarafu. Zinategemea simu, au kijana wa duka anayebonyeza vitufe.

Kilichomo ndani ya sanduku

Ukifungua mlango wa nyuma wa ATM ya maziwa, kitu kikubwa utakachoona ni tanki la chuma kisichoshika kutu. Kuzunguka tanki kuna tabaka la kuzuia joto, na chini kuna kompresa kama ya friji ya nyumbani. Kazi yake ni kuweka maziwa karibu na nyuzi joto 4. Ndani ya tanki kuna kipande kinachozunguka polepole kama mwiko. Bila mwiko huo mafuta ya maziwa hupanda juu, maziwa mepesi hubaki chini kwenye tundu la kutokea, na mteja wa asubuhi anapata kitu tofauti na mteja wa jioni ingawa bei ni ile ile.

Hapa niseme jambo ambalo wateja wengi hulikosea: mashine inapoza, haichemshi. Kuua vijidudu hufanywa kabla maziwa hayajaingia kwenye tanki, kwa kuyapasha hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha kuyapoza haraka. Sanduku kung'aa si ushahidi kwamba kazi hiyo ilifanyika. Wanaosimamia biashara ya maziwa nchini ni Kenya Dairy Board, na mwenye duka anatakiwa kuwa na leseni yao. Ukiomba kuiona huwi umemtukana.

Kutoka kwenye tanki, mpira unaofaa kwa chakula huelekea kwenye pampu. Baada ya pampu kuna kipimo cha mtiririko, halafu valvu ya umeme, halafu mdomo wa bomba. Juu ya hayo yote kuna bodi ndogo ya kompyuta ambayo ndiyo ubongo. Imeunganishwa na vitufe, na skrini, na betri ya akiba stima ikipotea, na kwenye mashine zinazopokea malipo zenyewe kuna kifaa chenye laini ya simu, laini kama yako tu, isipokuwa hii haipigi stori na mtu.

ATM ya mafuta ya kupikia ni ndugu yake. Haihitaji kompresa wala mwiko, lakini mafuta ni mazito kuliko maziwa, kwa hivyo pampu yake huwa ya meno, magurudumu mawili yanayosaga mafuta na kuyasukuma mbele. Asubuhi ya baridi mafuta huwa mazito zaidi na hutoka kwa uvivu. Usimlaumu mwenye duka kwa hilo.

Ya maji nayo ni hiyo hiyo, rahisi zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya maji ya Nairobi ikishirikiana na Grundfos ya Denmark iliweka ATM za maji Mathare. Wakati huo mtu aligusisha kadi, mtungi wa lita 20 ukajaa kwa nusu shilingi, na kadi yenyewe iliweza kujazwa kwa pesa za simu. Mfumo huo wa kadi una faida moja ninayoipenda: pesa imeshaingia kwenye kadi kabla hujafika bombani, kwa hivyo mtandao ukilala wakati wa kuchota, maji bado yanatoka.

Kigurudumu kinachohesabu pesa yako

Kipimo cha mtiririko ndicho kifaa kidogo kuliko vyote na ndicho kinachoamua kama umepunjwa. Ndani yake kuna kigurudumu chenye mapanga. Maziwa yakipita, kigurudumu kinazunguka. Kina sumaku, na kila sumaku inapopita mbele ya sensa, sensa hutuma pigo moja la umeme kwa bodi. Bodi inahesabu mapigo. Sensa moja ya bei nafuu inayotumika sana duniani hutoa takriban mapigo 450 kwa kila lita.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme lita ni shilingi 60. Umelipa 20, yaani theluthi moja ya lita. Bodi inaambiwa: fungua valvu, washa pampu, hesabu mapigo 150, funga. Hiyo tu. Mashine haijui maziwa ni nini. Inajua 150.

Ukielewa hivyo utaona mara moja mahali ambapo mambo yanaweza kuharibika. Ile namba 450 imeandikwa ndani ya bodi na mtu aliyefunga mashine, baada ya kuipima kwa chombo sahihi. Mtu akiingia kwenye mipangilio na kuandika 400, mashine itafunga mapema, na lita yako itakuwa mililita 889. Chupa kwa macho itaonekana sawa tu. Mililita 111 zimebaki kwenye tanki, kila lita, siku nzima. Ndiyo maana sheria ya vipimo na mizani, Sura ya 513, inataka chombo chochote cha kupimia bidhaa ya kuuza kikaguliwe na kupigwa mhuri na maafisa wa vipimo. Tafuta mhuri au stika ya ukaguzi kwenye mashine. Isipokuwepo, uliza.

Si kila upungufu ni wizi, lakini. Kigurudumu hakijui kutofautisha maziwa na hewa. Tanki likikaribia kuisha, pampu huanza kuvuta hewa pamoja na maziwa, kigurudumu kinazunguka kwa furaha, mapigo yanahesabiwa, na wewe unapata povu. Ukisikia mashine inakoroma na bomba linatema-tema, mwambie muuzaji asimamishe kabla kipimo hakijaisha. Na povu lenyewe lipe dakika moja litulie kabla hujaamua kama umepungukiwa.

Kama unataka kujihakikishia nyumbani, chupa ya soda ya nusu lita inatosha, ila kumbuka kwamba nusu lita haifiki kwenye kizibo. Inaishia pale soda ilipokuwa inaishia ulipoinunua. Mizani ya jikoni ni bora zaidi. Lita moja ya maziwa ina uzito wa karibu kilo 1.03. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa karibu gramu 920. Kwa hivyo mafuta yako ya lita yakikataa kufika kilo kwenye mizani, hujaibiwa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea kwenye supu.

Ya kumi inaumia kuliko ya lita

Jambo hili silioni likizungumzwa, na nadhani linawahusu wateja wetu wengi kuliko mengine yote hapa.

ATM za mafuta zilipendwa kwa sababu mtu anaweza kununua ya kumi. Hahitaji kusubiri apate pesa ya chupa nzima. Ni biashara ya kadogo, na hakuna aibu ndani yake. Ndivyo nyumba nyingi zinavyopika. Lakini angalia kinachotokea kwenye bomba. Pampu ikizimwa, kuna mafuta kidogo ambayo yalishapita kwenye kigurudumu yakahesabiwa, na yamebaki kwenye mpira au yananing'inia mdomoni mwa bomba. Tuseme ni mililita 4, chini ya kijiko cha chai.

Aliyenunua lita nzima, hizo 4 hazimfanyi kitu. Ni sehemu 4 kati ya 1,000. Aliyenunua ya kumi, na bei ya lita tuseme ni shilingi 250, alitakiwa kupata mililita 40. Akiondoa chupa kabla bomba halijamaliza kudondosha, amepoteza 4 kati ya 40. Hiyo ni shilingi moja kati ya kumi. Afanye hivyo kila jioni kwa mwezi, amempa mtu mwingine mafuta ya shilingi 30. Na yule mtu mwingine si lazima awe mwenye duka. Ni mteja anayefuata, ambaye matone yako yanaanguka kwenye chupa yake.

Dawa yake ni rahisi: usiondoe chupa mara mashine inapolia. Acha bomba limalize matone. Anayekusukuma nyuma asubiri. Na kama bajeti yako inaruhusu, ya 50 mara moja ni sahihi zaidi kuliko ya 10 mara tano.

Safari ya ile 90

Turudi kwa mama yetu. Kati ya kubonyeza pini na maziwa kutoka, pesa yake ilitakiwa kupita hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kukwama kivyake.

Kwenye mashine inayopokea malipo yenyewe, kwa kawaida unaandika kiasi na namba yako ya simu kwenye vitufe. Laini iliyo ndani ya mashine inapeleka ombi kwa seva ya mwenye mashine, seva inaomba mfumo wa malipo, na mfumo wa malipo unatuma dirisha la pini kwenye simu yako. Kwenye mashine nyingine hakuna kuandika namba; unalipa mwenyewe kwenye namba ya till iliyobandikwa pale. Ukiweka pini, mfumo unahamisha pesa kutoka kwako kwenda kwa mwenye till. Hapo ndipo unapopata meseji. Wakati huo huo mfumo unatuma uthibitisho kwa seva, na seva inaiambia mashine: namba fulani, shilingi fulani, mwagia. Kipande hiki cha mwisho, kutoka kwenye seva hadi kwenye mashine, ndicho kinachokwama mara nyingi, kwa sababu kinategemea laini ndogo iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma kwenye kona ya duka. Chuma na mawimbi ya simu hawapatani. Mafundi wazuri hutoa antena nje ya sanduku. Wengine huisahau ndani.

Kwa hiyo ukikwama, jiulize umekwamia wapi. Dirisha la pini halikuja, au lilikuja ukachelewa likatoweka? Pesa haijaondoka kwako, jaribu tena. Umeweka pini lakini meseji haijaingia? Usijaribu tena. Angalia salio kwanza, kwa sababu pesa inaweza kuwa imeshaondoka na ni meseji tu inayochelewa. Meseji imeingia na mashine imenyamaza? Pesa iko kwa mwenye till, haijapotea hewani, na kinachotakiwa ni mtu wa kuhakikisha upande wa pili.

Na kuna wanaokwama kwa sababu hawakulipa pale mashine inapoangalia. Mwenye duka anasema "nitumie tu kwa namba yangu," unamtumia, na mashine inabaki kimya milele. Mashine imeunganishwa na till, haijui namba ya mtu. Ukituma kwa namba yake, basi yeye ndiye atakayeiamrisha mashine kwa mkono, na ushahidi wako wa malipo unakuwa wa mtu kwa mtu. Lipa kwa till. Soma jina linalotokea kabla ya pini. Sekunde mbili hizo ndizo huduma ya bure kuliko zote tunazotoa.

Upande wa muuzaji nako kuna shida yake. Kijana wa duka akikubali kufungua bomba kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, siku moja ataonyeshwa meseji ya kughushi. Meseji ya uongo huandikwa na mtu yeyote mwenye simu. Kwa hivyo akikuambia "ngoja niangalie kwangu", hakushuku wewe. Anafanya tunavyomfundisha.

Mpaka na simu yako

Busia na Malaba wana shida moja ambayo Nakuru hawaijui. Watu na malori hupita kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018. Mawimbi ya simu hayapiti kituo chochote. Ukisimama mita chache kutoka mpakani, simu yako inaweza kushika mnara wa Uganda bila kukuuliza, na wewe hujavuka hata mtaro.

Tangu mwishoni mwa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za kupiga simu ukiwa nchi jirani, na hilo lilisaidia mifuko. Lakini bei kushuka hakuondoi safari ndefu. Simu ikishika mtandao wa kule, dirisha la pini linaweza kuchelewa hadi mashine ichoke kusubiri, au lisije kabisa. Kabla hujalipa, angalia juu ya skrini yako jina la mtandao. Likiwa si lako, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, zima kuchagua kiotomatiki na uchague wako kwa mkono. Wanaoishi Burumba au Marachi wanaweza kuliacha hivyo hivyo. Ila ukivuka kwenda Kampala, kumbuka kurudisha kiotomatiki, la sivyo utatembea na simu iliyokufa ukidhani imeharibika.

Mashine nayo ina laini, na laini hiyo inaweza kupotoshwa na mnara wa kule vile vile. Mwenye duka, kama unasoma hii na mashine yako husumbua mara kwa mara, mwambie fundi aifunge laini kwenye mtandao mmoja tu.

Wateja kutoka ng'ambo wenye laini za Uganda peke yake huuliza kama wanaweza kulipa till ya Kenya moja kwa moja. Mashine ya huku inasubiri uthibitisho kutoka kwa mfumo wa huku. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa mpakani hutembea na laini mbili, kama vile wanavyotembea na shilingi mbili. Mpaka huu ndio ulioipa Afrika Mashariki neno boda boda; kuishi pande mbili si ajabu hapa.

Mashine ikikataa

Kwanza, usilipe tena. Huo ushauri wa "lipa tena, ile itarudi" umewagharimu watu. Pesa iliyofika kwenye till hairudi yenyewe kwa sababu maziwa hayakutoka. Mfumo wa malipo hauna habari ya maziwa. Kwake yeye muamala umekamilika vizuri.

Pili, usifute meseji. Ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu ndiyo inayounganisha simu yako, till ya mwenye duka na kumbukumbu ya mashine. Mashine iliyotengenezwa vizuri huandika kila tukio kwenye kumbukumbu isiyofutika hata stima ikikatika: saa ngapi iliagizwa, mapigo mangapi yalihesabiwa, ilisimama wapi. Kama stima ilipotea ukiwa umepata nusu, kumbukumbu hiyo inajua ni nusu. Mwombe muuzaji aiangalie badala ya kubishana kwa kukadiria chupa.

Akithibitisha pesa iko kwake na mashine imegoma kabisa, ana njia mbili: akumwagie kwa mkono, au arudishe pesa. Akikataa vyote, hapo ndipo sisi tunaingia. Piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala na jina la till. Hatuwezi kunyakua tu pesa kutoka kwa muuzaji na kukurudishia, kwa sababu huenda alikupa bidhaa, tutamuuliza kwanza. Ukipiga siku hiyo hiyo kazi inakuwa rahisi. Ukipiga baada ya wiki tatu, kila mtu ameshasahau kilichotokea, hata wewe.

Na ukiona ni kipimo kinachopunguza, si malipo, sisi hatuna uwezo nacho. Hilo lipeleke kwa ofisi ya vipimo na mizani ya kaunti.

Kule Malaba, kijana alimpigia mwenye duka, mwenye duka akaangalia till yake akiwa kitandani, nadhani, kwa sauti aliyokuwa nayo. Ndiyo, 90 ilikuwepo, kwa jina la mama. Kijana akaingiza ufunguo pembeni mwa mashine, akabonyeza 90, chupa ikajaa. Mama akamfunika mtoto vizuri akaondoka bila kuaga, na sikumlaumu.

Nikamuuliza kijana kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Hakujibu, kwa sababu wakati huo huo mashine ikalia na skrini ikaandika 90. Uthibitisho ulikuwa umefika, dakika nane baadaye, na aliyekuwa amekinga sufuria pale bombani ni msichana wa shule aliyetaka ya thelathini. Kijana akawahi kubonyeza kitufe chekundu.

"Umeona sasa?" akaniambia. "Ya wiki jana sikuwahi."